Mtoto wa Ukoo, Mgeni wa Nchi

Sehemu ya Kumi na Moja

"Sikumzaa mimi."

Kwa maneno hayo niliwaacha roho juu Jumamosi iliyopita, na wiki nzima simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja wa Dumila amenilaumu kwamba nimemwaibisha bibi wa watu mbele ya serikali. Jamani, mimi nasimulia tu. Maneno hayo aliyatamka Mama Anastasia mwenyewe, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya Biblia, ndani ya ofisi ya uhamiaji mjini Morogoro.

Kwa aliyepandia njiani, mambo yako hivi. Faraja, karani wa chama cha wakulima wa viungo huko Matombo, aliomba pasipoti ili apeleke mdalasini na pilipili manga ya chama kwenye maonyesho Muskat. Ombi hilo likaibua swali la mahali alipozaliwa, swali likazaa jingine, na sasa habari ya pasipoti imeshasahaulika. Kinachotafutwa ni kama Faraja ni Mtanzania. Akishindwa kuthibitisha, ataambiwa aondoke nchini, naye hajui kwingine kokote pa kwenda.

Afisa aliyekuwa mbele yao aliitwa Gabrieli. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Mtu mbaya ungemchukia, moyo ukapata pa kutua.

Gabrieli aliweka kalamu mezani.

"Mama, kwenye kiapo cha mwanzo ulisema wewe ni mama yake."

"Na leo nasema hivyo hivyo. Mimi ni mama yake."

"Lakini hukumzaa."

"Safari hii umeniuliza kama nilimbeba tumboni. Nimeshika kitabu cha Mungu, siwezi. Aliyembeba tumboni ni Magdalena, mdogo wangu."

Faraja alimjua Magdalena kwa jina tu. Alikuwa mama mdogo aliyefia mbali. Kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, yeye Faraja ndiye aliyekuwa akitumwa misheni kuandikisha jina la Magdalena kwenye misa. Alikwenda kwa sababu ametumwa, akirudi anapitia sokoni kununua dagaa. Miaka yote hiyo alikuwa akimwombea mama yake mzazi, na mawazo yake yako kwenye dagaa.

Alitaka kulia. Akaona aibu kulia mbele ya yule aliyemlea, kana kwamba machozi yangemwambia kwamba hakutosha. Akayameza.

Hapo ndipo mjomba Kasimiri alipokohoa.

Msomaji, kikohozi hicho kiogope. Kasimiri ni kaka yao mkubwa Anastasia na Magdalena, na ndiye msemaji wa ukoo. Kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Baba ni mtu mwema anayekaribishwa, anapewa kiti na chakula, lakini ukoo si wake na mtoto si wa kwao. Anayesimama kwa ajili ya mtoto ni mjomba, na mjomba akishaanza kuzungumza, mpwa hamkatishi. Faraja alilelewa hivyo, na akiwa na umri wake wa mama mtu mzima bado hakuwahi kumkatisha mjomba hata mara moja.

Kasimiri alianza kwa kumsamehe afisa. Alisema vijana wa mjini hawana makosa, hawakufundishwa. Akamweleza kwamba ndugu wawili wa kike waliotoka tumbo moja, mtoto wa huyu ni mtoto wa yule, hakuna wa kambo wala wa kuazima. Kumuuliza Anastasia kama ni yeye aliyembeba ni kama kumuuliza mtu amekula kwa mkono gani. Chakula si kimeshuka?

"Sawa, mzee," alisema Gabrieli. "Nimekuelewa. Sasa huyo marehemu Magdalena alijifungulia wapi? Matombo misheni?"

Mama Anastasia akafumba macho. Faraja hakujua jibu, ila aliyaona macho yale yakifumbwa, akajua kwamba jibu lenyewe halifai. Alimkanyaga mjomba mguu chini ya meza, taratibu, kwa adabu.

Mjomba aliusogeza mguu wake, akamgeukia na kumuuliza kama anahitaji kwenda msalani.

"Hapana, mjomba."

"Basi tulia. Mambo ya ukoo haya." Akamrudia afisa, kifua mbele. "Alijifungulia Sauzi."

Kalamu ya Gabrieli iliinuka kutoka mezani.

Tangu hapo hakukuwa na wa kumzuia. Mjomba alieleza jinsi Magdalena alivyokuwa akipeleka ndizi kuuza kwenye kambi ya Waafrika Kusini kule Dakawa, enzi za wapigania uhuru. Akampata seremala mmoja wa kambini, jina lake Vuyani, kijana mpole asiyekunywa. Kwao kulipofunguka na wenziwe wakaanza kurudi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Magdalena alimfuata. Wakaoana huko huko. Akazaa mtoto wa kike. Mtoto hajasimama dede, Magdalena akaugua na kufa.

"Na hapa ndipo uandike vizuri, bwana," alisema Kasimiri. "Mimi mwenyewe nilikwenda kumchukua."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu aliyeleta ushahidi mzito. Maana kwa akili yake, na mimi siwezi kumcheka, ushahidi gani ungeizidi ile safari? Anastasia alikuwa amezaa wavulana watupu. Mama yao alikuwa mzee. Katika tumbo lile lote, wa kike aliyebaki alikuwa kichanga kimoja kilichokuwa kikilelewa na watu baki mwisho wa bara. Ukoo bila mtoto wa kike unazimika. Kasimiri akauza kahawa, akapanda malori, akaivuka Zambia yote na nchi nyingine za mbele, akafika. Akarudi na mtoto mgongoni, amemfunga kwa kanga, mwanamume mzima, watu wakimcheka kila kituo. Pale Tunduma wanawake walimwonea huruma wakamkorogea mtoto uji.

"Mpakani ulionyesha hati gani?" aliuliza Gabrieli.

"Hati ya nini?"

"Ya mtoto."

"Mtoto alikuwa wetu," alisema Kasimiri, akimshangaa. "Nilipita naye kwa nyuma, pamoja na wauza vitunguu."

Gabrieli akaandika. Faraja aliutazama mkono ule ukienda na kurudi kwenye karatasi, akaona kwamba kila neno ambalo mjomba analisema ili kumvutia nyumbani linamsukuma nje ya nyumba. Na mjomba alikuwa hajachoka. Alikuwa akimpigania. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba hapakuwa na wa kumkasirikia.

Afisa alipomaliza kuandika alinyanyua uso, na jambo la ajabu likatokea. Alikuwa na tabasamu dogo.

"Dada Faraja, usikate tamaa haraka. Kuzaliwa nje peke yake si kosa. Kama mama yako alikuwa Mtanzania wa kuzaliwa, angeweza kukuzalia hata mwezini. Uraia unaurithi."

Pumzi zilimrudi Faraja. Mama Anastasia alifumbua macho akapiga ishara ya msalaba. Mjomba aliwatazama wote wawili kwa jicho la nilisema-nini.

"Kwa hiyo mimi ni raia?" aliuliza Faraja.

"Ulikuwa."

Tabasamu lile lilikuwa limeondoka. Gabrieli alionekana kama mtu aliyekumbuka jambo katikati ya sentensi, na akatamani asingelikumbuka. Alianza kumuuliza maswali mapya, kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa raia wa kule? Ndiyo. Na yeye alizaliwa kule kule? Ndiyo, ndivyo alivyosikia leo. Basi na uraia wa kule alizaliwa nao. Tangu utotoni alikuwa na wa nchi mbili.

"Mtoto tunamvumilia," alisema. "Lakini nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukifikisha miaka kumi na minane unatakiwa uukane wa kule, kwa maandishi, ndipo ubaki na huu. Usipoukana, huu wa huku unakoma."

"Nani anaukomesha?"

"Hakuna mtu. Unakoma wenyewe."

"Ningeukana vipi uraia ambao sikujua kama ninao?"

"Sheria haiulizi kama ulijua, dada."

Faraja alijaribu kukumbuka siku aliyotimiza miaka kumi na minane. Hakukumbuka lolote. Kwao hawakuwa na mambo ya keki. Pengine alikuwa shambani akimenya mdalasini, mikono inanukia, na uraia wake ukakatika huko uliko bila hata kumkwaruza. Akaendelea kumenya. Akaendelea miaka yote iliyofuata.

Alijitetea kwa alichokuwa nacho. Alisema amesoma hapa tangu chekechea. Amekimbiza mwenge ulipopita Matombo. Chama kimemwamini ukarani. Na kura amepiga, kila uchaguzi, hajawahi kukosa hata mmoja.

"Hilo la kura," alisema Gabrieli haraka, akitazama mlangoni, "usilirudie humu ndani. Asiye raia akipiga kura ni kosa."

Basi mtu afanye nini? Niambie, wewe msomaji unayejua zaidi. Kila alichokitoa mfukoni kuonyesha kwamba ni wa hapa kiligeuka kuwa shtaka.

Gabrieli aliomba kitambulisho cha taifa cha Faraja. Akakitazama mbele na nyuma, akakiweka kwenye droo, akasema kinabaki pale kwa ajili ya uchunguzi. Akawaomba wasubiri nje wakati anakwenda kumwona mkubwa wake. Droo ilifungwa bila kelele yoyote.

* * *

Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama lishe mwenye benchi na chai ya tangawizi. Wakakaa hapo watatu, Faraja katikati. Kwa mbele, juu ya mapaa ya mabati, Uluguru ilikuwa imefunikwa na wingu zito. Nyumbani kwao kulikuwa upande wa pili wa milima ile, na leo asubuhi aliondoka huko bila kuaga, kama mtu anayekwenda na kurudi.

Mama Anastasia hakugusa chai. Alisema hawakumficha kwa ubaya. Wangemwambia lini, na wangeanzaje? Ungemwita mtoto ukamwambia kwamba anayekuosha, anayekulisha na kukuchapa si mama yako, ili iwe nini? Kwao hapakuwa na cha kuambiana.

"Nilikunyonyesha," alisema. "Nilikuwa na maziwa ya kaka yako. Yeye nikamwachisha mapema, wewe ukachukua. Hilo hawakuniuliza mle ndani."

Faraja alimshika mkono. Alikuwa na hasira, nisiwafiche, alikuwa na hasira ya kuvunja vikombe. Lakini mkono ule ulikuwa umekauka na kupasuka kwa kazi ya kumlea yeye, na hasira ikakosa pa kuangukia.

Akafikiri kwa sauti. Kama kweli ana uraia wa kule, basi aende ubalozini Dar es Salaam, waseme ni wao, wampe karatasi zao. Akishazipata azikane, arudi hapa na mikono mitupu, aombe upya kama mgeni mwema anayefuata taratibu. Itachukua miaka, lakini ni njia. Mtu akipewa njia hata ya miiba anaweza kuanza kutembea.

"Huyo Vuyani," alimuuliza mjomba, "bado yupo? Atanikumbuka?"

Kasimiri alizungusha kikombe. Akatazama barabara. Faraja akauliza tena.

Mjomba alijibu akiangalia chini. Vuyani hakumtoa mtoto kwa hiari ya moja kwa moja. Alikubali achukuliwe ili bibi yake amwone, msiba uishe, kisha arudishwe. Walipeana mikono mbele ya wazee wa kule. Kasimiri alipofika Matombo na kumweka mtoto kwenye mapaja ya bibi yake, aliona yule bibi kizee akicheka kwa mara ya kwanza tangu habari za kifo zifike. Akajua kwamba mtoto harudi.

"Sasa angenifuata," alisema. "Mtu mpole vile, lakini angenifuata. Ikabidi nipeleke simu ya posta."

"Ukasema nini, mjomba?"

"Kwamba ulishikwa na homa njiani. Kwamba tulikuzika Zambia."

Mama lishe aliyekuwa akiosha sahani aliacha kuosha.

Faraja alihisi benchi likizama. Kule kwa baba yake, kwenye ile nchi aliyokuwa ameanza kuitegemea kwa dakika chache tu, yeye ni marehemu wa siku nyingi. Ameshaliliwa, ameshasahauliwa. Huku hayumo, na kule amekufa. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, mama yake akamwangalia kwa woga.

"Hilo usiliseme ndani," alimwambia mjomba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwamrisha. "Nakuomba kwa magoti. Ukiulizwa, ukisukumwa, hilo hapana."

Kasimiri aliapa. Alikuwa amenywea, na kwa kutaka kumfariji mpwa wake alisema jambo ambalo kweli lilimfariji. Alisema hata wakimtesa namna gani, Josephina yupo. Josephina ni binti yake Faraja, mwanawe pekee, yuko darasa la tatu, amezaliwa kituo cha afya cha pale pale Matombo, nesi wa kumshuhudia yupo hai. Huyo hakuvushwa mpaka wa mtu. Huyo ni wa hapa kuanzia utosi mpaka unyayo.

Kweli kabisa, aliwaza Faraja. Angalau yule. Akanywa chai iliyopoa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ilipita kooni.

* * *

Waliitwa tena jua likiwa limeanza kushuka. Gabrieli alikuwa na uso wa mtu aliyebishana na mkubwa wake akashindwa.

Aliwaeleza uamuzi. Kwa sasa Faraja anahesabika kuwa mgeni asiye na kibali. Hatakamatwa, maana ameonekana kuwa hakudanganya kwa makusudi, ila atakuwa akiripoti pale ofisini kila wiki na asitoke nje ya mkoa bila ruhusa. Kinachotakiwa ni hati yoyote ya nchi ya baba yake. Akiipata ataombewa kibali cha kuishi, na baada ya miaka ya ukaazi, ikimpendeza waziri, anaweza kuomba uraia wa tajnisi.

"Na nisipoipata?"

"Itabidi urudishwe kwenu."

"Kwetu wapi?"

Faraja alimtupia mjomba jicho. Mjomba alikuwa ameuma midomo yake kwa nguvu, ametimiza ahadi, jasho linamtoka kipajini. Siri ya Zambia ilikuwa imekaa salama kifuani mwake, na Faraja akamshukuru kimoyomoyo.

"Tumalizie haya madogo madogo, muende mkapate gari la mwisho," alisema afisa, akivuta karatasi. Aliuliza umri, elimu, kazi. Faraja alijibu. Aliuliza kama ameolewa.

"Hapana."

"Una watoto?"

Swali lilitoka kwa sauti ile ile, la kawaida, kama la umri. Faraja alifungua mdomo kulijibu, na kabla neno halijatoka akaona kilichokuwa nyuma ya swali lenyewe. Uraia unaurithi, alisema bwana huyu asubuhi. Sasa mtoto anarithi nini kwa mama asiye nao?

"Sina," alisema.

Ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo nzima. Mama Anastasia alielewa papo hapo, akainamisha kichwa. Gabrieli, mimi nadhani naye alielewa, maana alikwisha weka kalamu kwenye karatasi aandike hivyo hivyo bila kuuliza zaidi.

Lakini mjomba Kasimiri hakuelewa. Angeelewaje? Aliambiwa anyamaze habari ya Zambia, na habari ya Zambia alikuwa ameinyamazia. Alichosikia yeye ni mpwa wake, mwanamke ambaye yeye alimfuata mwisho wa bara ili ukoo usife, akisema mbele ya serikali kwamba hana mtoto. Kwa mzee wa Kiluguru maneno hayo ni ya kujizika. Alidhani uchungu umempanda kichwani.

"Msamehe, bwana," alisema. "Amechoka. Mtoto anaye."

"Mjomba."

"Tena wa kike."

"Mjomba, nakuomba."

Alikuwa amemkatisha. Mbele ya watu, mara mbili, alikuwa amemkatisha mjomba. Kasimiri alimtazama kwa majonzi, akampigapiga begani namna ya kumtuliza mgonjwa, akaendelea. Alisema binti huyo ndiye ukoo wenyewe sasa. Alisema ana akili, anaongoza darasa. Alitaka hawa watu wa serikali wajue kwamba Faraja si mti mkavu.

Gabrieli aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Mzee," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Baba wa mtoto ni Mtanzania? Ameandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa?"

Hapo palikuwa na mlango. Msomaji, naomba uuone mlango ule, ulikuwa wazi kabisa. Baba wa Josephina ni Shabani, mfanyabiashara wa Dumila, Mtanzania asiye na doa. Jina lake moja tu kwenye cheti lingemvusha mtoto, hata mama awe ametoka sayari nyingine. Gabrieli alikuwa ameushikilia mlango kwa mikono miwili akimsubiri mzee aingie.

Kasimiri alijinyoosha kwenye kiti. Swali lilimfurahisha. Lilimpa nafasi ya kuonyesha kwamba ukoo wake haukuwahi kumkabidhi binti yake mwingine kwa watu wa nje, kwamba kosa la Magdalena lilikuwa la mwanzo na la mwisho.

"Alikuja huyo kijana," alisema. "Alikuja na posa, akaomba na jina lake liandikwe. Nilimrudisha mimi mwenyewe. Nikamwambia mtoto wetu haandikwi jina la mtu baki. Cheti kina mama yake tu."

"Na huyo baba yuko wapi sasa?"

"Aliona aibu akahama. Hatujui alikokwenda, na hatukuuliza."

Faraja hakusikia tena kelele za barabarani. Aliona midomo ya mama yake ikisali. Aliona mkono wa Gabrieli ukienda pole pole kwenye rafu ya nyuma, ukachomoa faili jipya, jepesi, ambalo halijaandikwa kitu. Akaliweka juu ya lile la Faraja.

"Samahani, dada," alisema afisa, bila kumtazama. "Nimeshasikia. Siwezi kujifanya sijasikia." Akamgeukia mzee. "Mtoto anaitwa nani?"

Na mjomba Kasimiri akavuta kiti mbele, akasafisha koo, akaanza kumtajia majina yake yote kwa furaha, moja baada ya jingine, polepole, ili yule kijana asikosee kuandika.